Dragon Ball Z: Kakarot: kwa nini wahakiki waliipa alama za wastani ilhali mashabiki waliipenda?

Mpita_Kurasa (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa,

Naomba msaada wenu katika jambo linalonitatiza ninapoandika tahakiki za gemu za RPG (za kuigiza na kumkuza mhusika) zenye mapigano ya papo kwa papo, hasa zile zilizotokana na anime, yaani katuni za Kijapani. Ninayoishughulikia sasa ni Dragon Ball Z: Kakarot, iliyotengenezwa na CyberConnect2 na kutolewa na Bandai Namco mwezi Januari 2020. Wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ulizidi 70 kidogo tu. Tovuti ya uhakiki ya IGN iliipa 7 kati ya 10, na wapo walioshuka chini ya hapo. Kwa kuwa Metacritic huipa gemu rangi ya kijani inapofikisha 75, Kakarot ilibaki kwenye njano, rangi ambayo wasomaji wengi huichukulia kuwa onyo.

Upande wa pili hali ni tofauti kabisa. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, idadi kubwa ya wanunuzi wameipendekeza, imeuza nakala kwa mamilioni, na mchapishaji ameendelea kuitolea nyongeza za kulipia kwa miaka kadhaa, wakati gemu nyingi za aina yake husahaulika kabla ya mwaka kwisha. Hilo lisingefanyika kama watu wangekuwa wameikataa.

Maelezo ninayokutana nayo mara kwa mara ni mawili, na yote yananiacha na njaa. La kwanza ni kwamba wahakiki hawaijui Dragon Ball, kwa hiyo hawakuguswa na kile kilichowagusa mashabiki. La pili ni kwamba mashabiki wamepofushwa na mapenzi, wakasamehe kasoro ambazo wasingezisamehe kwenye gemu isiyo na jina kubwa. Nikizisoma tahakiki zenyewe naona karibu wote, wahakiki kwa mashabiki, wanasifu mambo yaleyale: mapambano makubwa dhidi ya Vegeta, Frieza na Cell, rangi zinazofanana na za anime, muziki, na furaha ya kuruka angani kwa kasi juu ya bahari. Tena karibu wote wanalalamikia mambo yaleyale: misheni za kando zisizo na uzito na maadui wanaojirudia. Ikiwa wanaona vitu vilevile, hukumu zao zinaachana wapi?

Sitafuti mshindi kati ya pande hizi mbili. Ninachotaka kufahamu ni kipimo gani hasa kilitumika, na kama ni kipimo cha haki kwa gemu ya namna hii.

---

Kalamu_Nzito

Ndugu Mpita_Kurasa, lile la kwanza tuliondoe mapema, kwa sababu halisimami hata kwa ushahidi ulioutaja wewe mwenyewe. Mtu asiyeijua anime hawezi kusifu namna pambano la Gohan na Cell lilivyochorwa upya pembe kwa pembe. Wahakiki wengi walisema wazi kwamba walikua wakiitazama. Hilo la pili ni gumu zaidi, lakini nalo halitoshi, maana linamdhania shabiki kuwa haoni, na wewe umeonyesha kwamba anaona.

Wanaachana kwenye uhusiano wa sehemu moja na nyingine. Mhakiki wa RPG huuliza swali ambalo shabiki halazimiki kuliuliza: je, ninachokifanya nje ya mapigano makubwa kinabadilisha chochote ndani yake? Kwenye RPG iliyosukwa vizuri, saa ulizotumia kutafuta vifaa, kupanda leveli (ngazi za nguvu za mhusika) na kuchagua ujuzi unazikuta zikikusubiri mbele ya adui mkubwa: ama zimekuokoa, ama kukosekana kwake kumekuangusha. Kakarot ina vyombo vyote hivyo. Ina leveli, ina matawi ya ujuzi yanayofunguliwa kwa zile tufe za rangi zinazookotwa angani, ina mapishi yanayoongeza nguvu, ina uvuvi (Goku, shujaa wa Dragon Ball, anavua kwa mkia wa bandia, kituko ambacho ni cha Dragon Ball kweli), na ina ubao wa jamii ambapo unapanga nembo za wahusika ili upate nyongeza za asilimia kadhaa katika mashambulizi, mapishi na mengineyo. Ukivihesabu kwenye orodha, ni RPG kamili.

Sasa tazama vinavyofanya kazi. Mapambano ya hadithi hukupa alama za uzoefu nyingi kiasi kwamba unafikia leveli inayotakiwa na adui anayefuata hata kama hukugusa misheni moja ya kando. Misheni zenyewe hukuagiza ukusanye kitu fulani au uangushe kikundi cha roboti, na malipo yake ya uzoefu ni madogo mno ukilinganisha na pambano moja la hadithi. Kwa hiyo mchezaji mwenye bidii, aliyefanya kila kitu, na mchezaji aliyekimbilia hadithi moja kwa moja wanafika mbele ya Frieza wakiwa karibu sawa. Nembo za kwenye ubao zinaongeza nguvu, naam, lakini pambano limekadiriwa kwa namna ambayo hutaiona tofauti bila kuitafuta. Huo ndio msingi wa alama ya 7: vyombo vipo, ila havijaunganishwa na injini.

Mapigano yenyewe yana hali kama hiyo. Kitufe kimoja ni cha ngumi na mateke, kimoja cha kurusha nishati, kingine cha kukwepa, na unafungua menyu fupi ya mashambulizi makubwa kama Kamehameha. Goku, Gohan, Piccolo na Vegeta wanatofautiana zaidi kwa mashambulizi hayo kuliko kwa namna ya kupigana. Mbele ya adui mkubwa mpango huu unafaa sana, kwa sababu adui ana awamu zake, ana makombora yake yanayofunika uwanja mzima, na katikati yake hadithi inaendelea. Tatizo ni pale unaporuka kutoka eneo moja hadi jingine na vikundi vya maadui wadogo vinakunasa njiani kila mara: pambano lilelile, mbinu ileile, bila hadithi. Mhakiki anayelalamikia marudio hapa analalamikia kitu kinachoonekana.

Kama unataka kuona kwamba jambo hili lingeweza kufanywa vinginevyo, ndani ya Dragon Ball hiyohiyo, rudi kwenye Game Boy Advance, kile kifaa cha zamani cha gemu cha mkononi. The Legacy of Goku ya mwaka 2002, kazi ya Webfoot Technologies, ilipokelewa vibaya, na kwa sababu za msingi: shujaa anayetetea sayari alikuwa anaweza kuuawa na mbwa mwitu na nyoka wa porini, na kuruka kwake kulikuwa na kipimo kilichoisha upesi. Mwaka uliofuata studio ileile ilitoa The Legacy of Goku II, na mapokezi yakawa bora kwa kiasi kikubwa. Miongoni mwa yaliyobadilika ni kwamba leveli zilipewa kazi: kulikuwa na milango yenye nambari, ambayo mhusika fulani hakuweza kuivunja kabla ya kufikia leveli iliyoandikwa. Ni mbinu isiyo na ufundi mkubwa, lakini ilimfanya mchezaji ajue kwa nini anampandisha Piccolo leveli badala ya kumwacha. Kakarot, pamoja na ukubwa wake wote na bajeti ambayo Game Boy isingeiota, haikunipa sababu hiyo.

---

Shabiki_Mkongwe

Mchango wa Kalamu_Nzito nimeusoma kwa heshima, na sehemu ya ubao wa jamii siwezi kuipinga. Lakini kuna mambo mawili ambayo hakuyapa uzito unaostahili.

Moja ni mwendo. Hadithi kuu inachukua saa 35 hivi. Mhakiki aliyepokea nakala siku chache kabla ya tarehe ya kutolewa anazipitia saa hizo mfululizo, kwa haraka, huku akijua kwamba anatakiwa kuandika. Maadui wa angani ambao mimi hukutana nao wawili watatu jioni moja, yeye anakutana nao makumi kwa kikao kimoja. Marudio ni sifa ya gemu, sikatai, lakini uzito wake hutegemea unavyoicheza, na mnunuzi wa kawaida haichezi kama mhakiki anavyolazimika kuicheza.

Jambo la pili ni hizo misheni za kando. Kalamu_Nzito amezipima kwa malipo yake ya uzoefu, na kwa kipimo hicho zinashindwa. Mimi sikuzifanya kwa ajili ya uzoefu. Nyingi ya misheni hizo zinamrudisha mhusika aliyesahauliwa tangu Dragon Ball ya kwanza, watu kama Launch au Android nambari 8, na kumpa dakika chache za kusema yuko wapi sasa. Anime ya Dragon Ball Z ilikuwa na vipindi 291 na bado haikupata nafasi ya kuwajulia hali wote hao. Halafu kuna ile sehemu ya Goku na Piccolo kwenda kujifunza kuendesha gari, kichekesho cha kujazia muda ambacho gemu nyingine nyingi zilikiruka kwa sababu hakina ngumi ndani yake. Kakarot ilikiweka. Mtu anayeona thamani ya uamuzi huo hawezi kuandika alama sawa na mtu anayeona dakika kumi zilizopotea, na hakuna kati yao aliyekosea kuhusu kilichopo kwenye skrini.

---

Mizani

Naona mjadala unaelekea kwenye maudhui, nami napenda kuuvuta kidogo kuelekea kwenye vipimo vyenyewe, kwa sababu mwanzisha mada ameweka wastani wa Metacritic kando ya mapendekezo ya Steam kana kwamba ni rula mbili zenye sentimita zilezile.

Metacritic huchukua alama za vyombo vya uhakiki, huzigeuza kuwa kipimo cha 100, na kuvipa baadhi ya vyombo uzito mkubwa kuliko vingine kwa fomula ambayo haijawekwa hadharani. Tena hutenganisha kila jukwaa, kwa hiyo gemu moja inaweza kuwa na wastani tofauti kwenye PlayStation, Xbox na kompyuta kulingana na nani alihakiki toleo lipi. OpenCritic, iliyoanza mwaka 2015, haitoi uzito tofauti na hujumlisha majukwaa pamoja. Famitsu ya Japani huweka wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama kati ya 10, na jumla inakuwa kati ya 40. Vyote hivi vinajibu swali la kiwango: ni nzuri kwa kiasi gani?

Steam haiulizi swali hilo. Inamwuliza mnunuzi kama anaipendekeza au haipendekezi, basi. Mtu aliyeifurahia Kakarot kwa kiasi cha 7 kati ya 10 atabonyeza kidole cha juu, na mtu aliyeifurahia kwa kiasi cha 10 atabonyeza kidole kilekile. Fikiria wachezaji mia moja ambao kila mmoja moyoni anaipa gemu 7: Metacritic ingeonyesha 70 yenye rangi ya njano, na Steam ingeonyesha asilimia 100 ya mapendekezo. Wote mia wamekubaliana kabisa, lakini ukurasa mmoja unaonekana kuonya na mwingine kushangilia. Sidai kwamba hiyo ndiyo hadithi yote ya Kakarot, ila nashuku ni sehemu kubwa ya tofauti iliyomtatiza mwenzetu.

Ongeza hapo suala la nani anapiga kura. Anayeandika kwenye Steam ni mtu aliyeitafuta gemu, na mara nyingi aliitafuta kwa sababu tayari anampenda Goku. Mhakiki hupangiwa kazi, au angalau huandika akimfikiria msomaji ambaye hajaamua. Kundi la kwanza limechujwa na mapenzi kabla hata ya kufungua gemu. Haliwi kundi la uongo kwa sababu hiyo. Linakuwa tu kundi linalokueleza jinsi gemu inavyowafaa watu wanaofanana nalo.

Kuhusu alama za watumiaji wa Metacritic nisingejenga hoja yoyote juu yake. Kabla ya Julai 2020 mtu aliweza kuandika dakika ile gemu inapotoka, bila hata muda wa kuicheza. Mwezi huo tovuti ikaanza kuzuia maoni ya watumiaji kwa saa 36 za mwanzo. Kakarot ilitoka kabla ya utaratibu huo. Steam angalau huandika pembeni ya kila maoni saa ambazo mtu ameicheza gemu.

Na kwa wale wanaosema wahakiki wana chuki na anime: Dragon Ball FighterZ ya Arc System Works, mwaka 2018, ilifikisha wastani wa 87 kwenye toleo la PlayStation 4. Jina lilelile, wahusika walewale, mchapishaji yuleyule. Tofauti ni kwamba ile ni gemu ya mapigano ambayo ingesimama hata ungewaondoa Goku na wenzake ukaweka watu wengine.

---

Shabiki_Mkongwe

Hiyo sentensi ya mwisho, ndugu Mizani, ndiyo ninayoipinga. Kwa nini tuwaondoe? Gemu ya Kakarot imejengwa kwa makusudi ili isiweze kutenganishwa na Goku, na kuipima kwa kumwondoa ni kuipima kwa kitu ambacho haikukusudia kuwa.

---

Mizani

Nakubali kwamba si kipimo pekee. Lakini msomaji ambaye hamjui Goku naye ana haki ya kuambiwa atapata nini, na kwake yeye jaribio la kumwondoa Goku si nadharia, ndiyo hali yake halisi.

---

Mpita_Kurasa

Nawashukuru wote. Mfano wa wachezaji mia moja umenifungua macho, na suala la leveli nimelijaribu upya kwa kuruka misheni zote za kando kwenye sakata la Saiyan, sehemu ya kwanza ya hadithi; ni kweli hakuna kilichonipungukia.

Mabishano yenu ya mwisho yananileta kwenye swali la hadithi. Gemu inayosimulia upya anime inamkuta shabiki akiijua kila hatua, na mgeni akiwa hajui hata nani ni nani. Kakarot inaanza na ujio wa adui Raditz, yaani baada ya Dragon Ball ya kwanza yote, na inamtarajia mchezaji ajue kwa nini Piccolo ni adui wa jana. Je, wahakiki waliliona hili kama kasoro? Na kuna gemu za kundi hili zilizolitatua vizuri zaidi? Nimesikia Sword Art Online: Alicization Lycoris, iliyotokana na anime nyingine, ikitajwa kwa mabaya tu.

---

Fundi_wa_Hadithi

Naingia hapa kwa kuwa Lycoris ni gemu ninayoifahamu vizuri, na nadhani inaeleza tatizo la Kakarot kuliko Kakarot yenyewe.

Lycoris, kazi ya studio ya Aquria, ilitoka Julai 2020, miezi sita tu baada ya Kakarot, na ilipokelewa vibaya zaidi. Sura yake ya kwanza inasimulia upya sehemu ya Alicization ya anime, mashujaa wake Kirito na Eugeo wakipanda mnara wa Central Cathedral, na sura hiyo ni ndefu kuliko gemu nyingine nzima. Mazungumzo hufuatana na mazungumzo, na uwezo wa kucheza na wenzako mtandaoni umefungwa mpaka uimalize. Baada ya hapo ndipo hadithi mpya inaanza, ile ambayo haikuwepo kwenye anime, ikiwa na Medina kama mhusika mkuu aliyebuniwa kwa ajili ya gemu. Yaani kile kitu kimoja ambacho shabiki hakijui kimewekwa nyuma ya saa nyingi za kile anachokijua, na mhakiki mwenye tarehe ya mwisho ameandika hukumu yake akiwa bado ngazini. Juu ya hayo palikuwa na malalamiko ya kiufundi: picha kukatakata kwenye maeneo ya wazi, muda mrefu wa kupakia, na mifumo ya mapigano mingi iliyofafanuliwa kwa kurasa za maandishi. Masasisho yaliyofuata yalirekebisha mengi. Alama hazikufuata, kwa sababu wastani wa Metacritic hujengwa na tahakiki za wiki ya kwanza, na ni vyombo vichache mno vinavyorudi kuandika upya.

Kakarot ilikuwa na busara zaidi katika usimulizi. Haikujaribu kukisimulia kila kipindi. Ilichagua mapambano yenye uzito, ikayachora kwa hali ya juu, na kuyaunganisha kwa mandhari fupi zaidi zilizo wazi kwamba hazikupata fedha sawa. Wahakiki waliuona mshono huo. Unatoka kwenye pambano ambalo huwezi kulitofautisha na anime, unaingia kwenye mazungumzo ambapo wahusika wawili wamesimama wakitazamana na midomo inapanda na kushuka. Kwa shabiki, kumbukumbu inajaza pengo. Kwa mgeni hakuna cha kulijaza, na hapo ndipo tahakiki kadhaa zilipoonya kwamba gemu si mlango mzuri wa kuingilia Dragon Ball, ingawa ina kamusi ya ndani yenye maelezo ya watu na matukio kwa anayetaka kusoma.

Kuhusu suluhisho, naona njia bora zaidi zilipatikana pale watengenezaji walipomwondoa shujaa wa anime kwenye kiti cha mbele. Dragon Ball Xenoverse ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Dimps, inamfanya mchezaji aunde mhusika wake na kumtuma kulinda wakati, kwa sababu kuna watu wanaoyapotosha matukio tunayoyakumbuka. Ghafla kuijua hadithi kunakuwa faida: unajua Raditz alipaswa kufa vipi, kwa hiyo unaona mara moja kilichoharibika. Dimps hao hao walitengeneza Sword Art Online: Fatal Bullet mwaka 2018, na humo pia shujaa ni mtu wako, wakati Kirito anabaki kuwa mmoja wa wenzako. Sisemi kwamba gemu hizo hazina kasoro. Xenoverse ina marudio ya misheni ambayo yangemfanya Kalamu_Nzito aandike ukurasa mwingine. Lakini swali lako la mgeni na mwenyeji zililijibu kwa muundo badala ya kamusi.

Kakarot nayo ilijaribu kidogo. Akira Toriyama, mbunifu wa Dragon Ball, alibuni mhusika mpya kwa ajili yake, Bonyu, aliyewahi kuwa mwanachama wa kikosi cha Ginyu, wapiganaji wa Frieza. Ni wazo la kuvutia, kisha likatumiwa kwenye kona moja ya gemu na kuachwa hapo.

---

Kalamu_Nzito

Fundi_wa_Hadithi amegusa jambo la masasisho, nami naliongezea kwa ajili ya uhakiki unaoandikwa. Ndugu Mpita_Kurasa, eleza wazi unahakiki toleo lipi. Kakarot ya Januari 2020 kwenye PlayStation 4 na Xbox One haikuwa na chochote cha nyongeza. Ile ya Nintendo Switch ilikuja mwaka 2021, na ya PlayStation 5 na Xbox Series mwaka 2023, ikiwa na uwezo wa fremu (picha) 60 kwa sekunde, jambo linalobadilisha hisia za mapigano zaidi ya maandishi yoyote kwenye ubao wa jamii.

Nyongeza nazo zisitiwe kapu moja. Ile ya kwanza, ya Aprili 2020, ilikuwa mafunzo na Whis na pambano na Beerus, karibu bila hadithi, na ililaumiwa kwa wembamba huo. Ile ya Trunks, The Warrior of Hope ya mwaka 2021, inasimulia dunia ya baadaye iliyoharibiwa na Android 17 na 18, na wengi waliona kuwa imeshikamana kuliko gemu kuu, kwa sababu ni fupi, ina huzuni moja na haina nafasi ya kujaza misheni zisizo na kazi.

---

Shabiki_Mkongwe

Kuhusu Trunks tuko pamoja. Sehemu ile ingetolewa peke yake, nadhani hata wale wa njano wangesogea kijani.

---

Mpita_Kurasa

Basi nitafanya hivi. Nitahakiki toleo la mwaka 2023, nitatenga nyongeza ya Trunks kwenye sehemu yake, na mahali pa alama moja nitaandika hukumu mbili: moja kwa aliyeitazama anime, nyingine kwa ambaye hajaitazama, kila moja ikiwa na sababu zake. Hoja ya leveli zisizo na kazi nitaiweka kwenye hukumu zote mbili, kwa kuwa haimhusu Goku. Mhariri wangu bado anataka nambari juu ya ukurasa, na bado sijamjibu.

---

Mizani

Mpe nambari mbili.